Vidokezo vya kutazama bahari ya Aivazovsky bila kujifanya mtaalamu

Mtu wa pwani akiingia makumbusho ya sanaa ana kasoro moja: kwa habari za bahari hadanganyiki kirahisi. Ameiona ikitulia wakati wa demani, ameiona ikichafuka kusi likivuma, na akisimama mbele ya bahari iliyochorwa swali lake la kwanza ni moja tu: huyu bwana aliwahi kulowa?

Ivan Aivazovsky alilowa. Alizaliwa mwaka 1817 Feodosia, mji wa bandari kwenye rasi ya Crimea, katika familia ya Waarmenia, akafia mji huohuo mwaka 1900. Katikati hapo alikuwa mchoraji rasmi wa jeshi la majini la Urusi, kipenzi cha tsar na cha sultani, na mtu aliyechora, kwa hesabu inayotajwa zaidi, picha zipatazo 6,000. Nyingi mno zina maji. Huwezi kuzimaliza, na usijaribu. Haya hapa ya kuanzia.

1. Anza na mwanga, meli itakungoja

Jicho hukimbilia meli, hasa ikiwa inazama. Lizuie. Uliza kwanza jua liko wapi, au mwezi uko wapi, maana Aivazovsky aliijenga picha nzima kuzunguka swali hilo.

Chukua "Wimbi la Tisa" ya mwaka 1850, picha yake maarufu kuliko zote, iliyoko Makumbusho ya Urusi mjini St. Petersburg. Manusura wachache wameng'ang'ania kipande cha mlingoti baada ya usiku wa tufani, na wimbi kubwa linawajia. Hayo utayaona hata usipotaka. Sasa pandisha macho. Jua liko chini, nyuma ya ukungu na maji yanayorushwa na upepo, hata mviringo wake hauonekani sawasawa; anga imeshika njano na waridi. Kisha telemka hadi kwenye wimbi, pale juu linapokonda. Maji ya pale si ya buluu wala ya kijivu. Yana kijani kinachong'aa, kwa kuwa mwanga unapenya kutoka nyuma. Shuka kidogo, wimbi linapokuwa nene, na kijani hicho kinazama hadi kinakaribia weusi.

Ufundi wenyewe ulikuwa hivi: alipaka rangi ya mafuta tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kila moja likipitisha mwanga, ili rangi ya chini iendelee kuonekana kupitia ile ya juu. Povu ndilo alilolipaka kwa rangi nzito. Ndiyo maana povu linakaa juu na maji yana kina. Aliyewahi kuoga baharini jioni, jua likiwa upande wa pili wa wimbi, anaijua rangi ile. Aivazovsky aliijua kuliko wachoraji wengi wa zama zake, na kwa sababu hiyo mimi humsamehe mengi.

Neno moja kuhusu simu yako. Picha hii ina upana wa zaidi ya mita 3 na kimo cha zaidi ya mita 2. Kwenye kioo cha simu, wimbi linalotakiwa kukuzidi kimo linakuwa dogo kuliko kidole gumba. Ukiweza, ifungue kwenye skrini kubwa kuliko zote nyumbani, uzime taa.

2. Ukiona mwezi, tafuta moto

"Vita vya Chesme" ya mwaka 1848 inaonyesha meli za Waturuki zikiteketezwa na Warusi usiku. Vita vyenyewe vilipiganwa mwaka 1770, miaka 47 kabla mchoraji hajazaliwa. Mwezi umejitokeza penye moshi, mweupe, hauna habari na mtu. Chini yake meli zinawaka. Maji yanalazimika kubeba mianga yote miwili kwa wakati mmoja, na raha ya picha ni kufuatilia mahali mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia.

Usiache kutazama na kamba. Mwaka 1839 alisafiri na meli za kivita za Bahari Nyeusi hadi pwani ya Kaukazi, akazoeana na maadmirali na mabaharia. Hakuna tanga lililofungwa kwa kubahatisha.

3. Msikilize mvuvi

Wimbi lenyewe, je, liko sawa? Ubishi unaanzia hapa, na ni ubishi halali.

Mabaharia wa zamani waliamini kwamba katika tufani mawimbi huja kwa mafungu, na la tisa ndilo linaloua. Jina la picha limetokana na imani hiyo. Lakini tazama mkunjo wa wimbi, ule mdomo unaoinamia mbele ukitaka kumwagika. Wimbi hujikunja hivyo linapokuta maji yanapungua kina: chini yake kunalivuta, mwendo wa chini unapungua, juu kunapitiliza na kuanguka. Ni wimbi la ufukweni, au la juu ya mwamba. Kilindini mambo ni tofauti. Wimbi la tufani hupanda likawa na ncha, upepo ukaikata ile ncha na kuitawanya. Manusura wa Aivazovsky wako maji makuu, ardhi haionekani popote, na bado bahari yao inajikunja utadhani iko hatua chache kutoka mchangani.

Wakosoaji wamelisema hili kwa muda mrefu. Mvuvi wa Kizimkazi angelisema ndani ya dakika moja.

Picha imeharibika? Kwangu mimi, hapana. Nadhani ule ni mkunjo wa mawimbi ya Feodosia, aliyoyatazama akiwa mtoto aliyesimama nchi kavu, na ulimkaa kichwani kuliko aliyoyaona baadaye akiwa melini. Kidokezo kinachofuata kinaeleza kwa nini kichwa chake kilikuwa na sauti kubwa hivyo.

4. Usitafute alipoweka kiti

Wachoraji wengi wa mandhari wa karne ile, hasa Wafaransa wa miongo yake ya mwisho, walibeba turubai na rangi wakaketi mbele ya kitu wanachokichora. Aivazovsky alikataa njia hiyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: radi, dhoruba, wimbi linalovunjika, havisimami vikamngoja mtu achanganye rangi. Mchoraji atazame, akariri, kisha aingie ndani. Asiye na kumbukumbu, alisema, anaweza kuwa mnakili hodari, lakini mchoraji wa kweli hawezi kuwa.

Basi ingia studio yake. Nyumba iko karibu kabisa na bahari, lakini dirisha la chumba cha kazi linatazama uani. Mzee ana karatasi ndogo yenye mchoro wa penseli: mstari wa upeo, mahali pa jua, alama ya meli. Anaanza na anga, na anga aliimaliza kwa kikao kimoja hata kama kingechukua siku nzima, ili rangi zikutane zikiwa bado mbichi. Ukiona kwenye picha zake mawingu yasiyo na mpaka, yanayoyeyuka kutoka njano hadi kijivu usijue ni wapi, ujue ni kazi ya mtu aliyekataa kwenda kula mpaka amalize.

Mfano unaoshangaza kuliko yote ni "Kati ya Mawimbi" ya mwaka 1898. Alikuwa amevuka miaka 80. Turubai lina upana wa zaidi ya mita 4 na kimo kinachokaribia mita 3, na inaelezwa kwamba alilimaliza kwa siku kama kumi. Hakuna meli, hakuna mtu. Kuna maji, mwanga mmoja ulioshuka kutoka mawinguni, na maji tena, kwa rangi chache tu: buluu, kijani, kijivu. Aliyeuza meli zinazozama maisha yake yote aliziondoa zote, na kwa maoni yangu picha hii inaishinda "Wimbi la Tisa". Hapa hakuna wa kumhurumia, kwa hiyo unabaki na bahari peke yake.

Njia hii ina gharama yake. Kumbukumbu hujirudia. Mtu hawezi kuchora picha 6,000 kila moja ikawa mpya, na ukizitazama nyingi mfululizo utaanza kukutana na mwezi uleule, mwamba uleule, na kamashua kalekale kanakoelekea kulia. Ushauri wangu ni kutazama tatu, kisha kutafuta chai.

5. Hadithi za utotoni zimetiwa chumvi, lakini zisikilize

Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyefilisika baada ya tauni iliyoupiga mji mwaka 1812. Simulizi inayopendwa ni ya mtoto anayechora meli kwa makaa kwenye kuta zilizopakwa chokaa, hadi mkuu wa mji, Alexander Kaznacheev, anapita na badala ya kumchapa anampa karatasi na rangi. Makaa siwezi kuyaapia. Kaznacheev ni kweli: alimwezesha kusoma Simferopol, na mwaka 1833 kijana akaingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme, St. Petersburg, kwa gharama ya serikali.

Mimi hupenda zaidi kilichotokea baadaye. Kijana aliwekwa kuwa msaidizi wa Philippe Tanneur, mchoraji wa bahari aliyeletwa kutoka Ufaransa. Tanneur alimtaka msaidizi wa kuchanganya rangi, siyo mshindani. Mwaka 1836 msaidizi akapeleka picha zake mwenyewe kwenye maonyesho ya Chuo, zikasifiwa. Mfaransa akapeleka malalamiko juu kabisa, kwa Tsar Nicholas I, na Tsar, mtu aliyependa nidhamu kama wengine wanavyopenda chakula, akaamuru picha zishushwe ukutani.

Hebu fikiria. Una miaka 19, umetoka mji mdogo, unasoma kwa hisani ya serikali, na umemuudhi mfalme. Aliyemwokoa ni Alexander Sauerweid, mwalimu wa uchoraji wa vita. Hakukurupuka. Alingoja miezi, hasira ikapoa, ndipo akapeleka ikulu picha moja ya kijana. Tsar akaipenda. Mwaka uliofuata Aivazovsky alipewa medali ya dhahabu ya Chuo, na miaka michache baadaye Nicholas yuleyule akawa mteja wake mkubwa. Kila mwenye kipaji anahitaji mtu wa aina ya Sauerweid, anayejua lini abishe hodi.

6. Italia ipite haraka

Chuo kilimpeleka huko mwaka 1840. Papa Gregory XVI alipata picha yake "Machafuko", inayoonyesha maji ya mwanzo wa ulimwengu kabla ya nchi kavu. Siku hizi iko kisiwa cha San Lazzaro, Venice, kwenye monasteri ya Waarmenia ambako kaka yake Gabriel alikuwa mtawa. Inasimuliwa pia kwamba mchoraji Turner wa Uingereza aliiona bahari yake ya Napoli penye mbalamwezi akamtungia shairi kwa Kiitaliano. Iwe hivyo au isiwe hivyo, waweke kando kwa kando. Turner huiyeyusha meli ikawa mwanga mtupu. Aivazovsky hata tufani ikivuma vipi atakuhesabia kamba.

7. Usiishie ukutani, fuata bomba

Wengi wakifanikiwa St. Petersburg au Paris hubaki hukohuko. Yeye alirudi Feodosia akiwa bado kijana, akajenga nyumba, na mwaka 1880 akafungua jumba la picha lililoungana nayo. Jumba hilo aliuachia mji kwa wasia. Vijana walifika kumwomba awafundishe. Mmoja wao, Arkhip Kuindzhi, baadaye bingwa wa mbalamwezi katika sanaa ya Urusi, inasemekana alipewa kazi ya kusaga rangi na kupaka uzio. Ukarimu wa mzee haukuwa wa kila siku.

Lakini kitu ambacho wenyeji walimkumbukia zaidi kilikuwa maji, tena maji matamu. Feodosia ulikuwa mji wenye kiu. Bahari iko mlangoni, visima havitoshi, kila kiangazi ni taabu. Mtu wa Mombasa au wa Lamu hahitaji kuelezwa jinsi mji unavyoweza kuzungukwa na maji na bado ukalala na ndoo tupu. Aivazovsky alikuwa na shamba mahali panapoitwa Subash, kilomita takriban 25 kutoka mjini, lenye chemchemi. Akauandikia mji barua kwamba amechoka kuona watu wa kwao wakiteseka mwaka hadi mwaka, na kwamba anawapa ndoo 50,000 za maji kila siku, ziwe mali yao daima. Ndoo ya Kirusi ya wakati ule ilibeba lita 12 na ushei, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya lita 600,000 kwa siku. Bomba likalazwa, na mwaka 1888 maji yakafika mjini. Kwa kumbukumbu ya siku hiyo palijengwa kisima cha kutiririsha maji, watu wakikinga na kunywa hapohapo.

Hakukoma. Alisukuma hadi reli ikafika Feodosia mwaka 1892, na gati kubwa la bandari likajengwa. Walikuwepo waliolalamika kwamba reli inapita kando ya ufuko na kuharibu mandhari, na mlalamikiwa mkuu alikuwa ndiye mchoraji wa mandhari hiyo. Sijui mchoraji mwingine wa karne ile ambaye unaweza kumpima kwa lita.

8. Nenda Istanbul, ukijua yaliyofuata

Mahali pa kwanza pa kumwona pangekuwa Feodosia, ambako jumba lake bado lipo. Lakini Crimea iko chini ya Urusi tangu mwaka 2014, na vita vimeifanya isiwe pa kutalii. St. Petersburg na Jumba la Tretyakov la Moscow wana picha kubwa; Yerevan, kwenye Jumba la Taifa la Picha la Armenia, wana hazina nzuri. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi mahali pepesi kuliko kote ni Istanbul: ndege ni moja, na picha ziko kwenye makumbusho ya picha ya ikulu ya Dolmabahçe.

Zilifikaje huko? Mchoraji aliyezichoma meli za Waturuki kwenye "Chesme" aliagizwa picha nyingi na Sultan Abdülaziz, aliyependa bahari na Bosphorus. Mchoraji mwenyewe aliupenda mji ule sana, akauchora kwa mbalamwezi, kwa machweo, kwa ukungu wa asubuhi, na akatunukiwa nishani. Mwaka 1869 alipita upande wa kusini zaidi, akahudhuria ufunguzi wa Mfereji wa Suez na kuuchora, mfereji uleule ambao muda si mrefu ungefupisha safari za meli za barua kutoka Ulaya hadi Unguja.

Kisha ikaja miaka ya 1894 hadi 1896. Chini ya Sultan Abdülhamid II, Waarmenia waliuawa kwa makumi ya maelfu. Aivazovsky alikuwa mzee wa karibu miaka 80, Mwarmenia, mwenye kabati la nishani za Kituruki. Inasimuliwa kwamba alizichukua akazitupa baharini. Lililo hakika ni kwamba alishika brashi: alichora mauaji hayo, ikiwemo picha ya watu wakitoswa majini, naye alikuwa ametumia nusu karne kuwafanya watu waipende bahari. Picha hizo hazimo Dolmabahçe. Zilizomo ni zile za mbalamwezi, na ni nzuri kwelikweli. Zitazame taratibu ukiwa na habari hizo zote mbili kichwani.

9. Usinunue

Kidokezo cha mwisho ni cha mfukoni. Mwaka 2012, Sotheby's ya London iliuza picha yake ya Istanbul na Bosphorus, ya mwaka 1856, kwa zaidi ya pauni milioni 3. Tangu zamani amekuwa miongoni mwa wachoraji wa Urusi wanaoghushiwa kupita kiasi, na sababu ni ileile iliyomfanya apendwe: alichora nyingi, alirudia mada, na orodha kamili ya kazi zake hakuna anayeishika mkononi. Tapeli hahitaji hata kuchora. Njia mojawapo iliyotumika kwa picha za Kirusi ni kuchukua turubai halisi la karne ile, la mchoraji wa Ulaya asiye na jina kubwa, kufuta saini na kuweka nyingine. Kitambaa ni cha zamani, fremu ni ya zamani, nyufa ni za zamani, jina ndilo la jana.

Kwa hiyo akikujia mtu na Aivazovsky aliyeachiwa na shangazi yake, bei ya ndugu, mwulize picha hiyo imepitia mikono ya nani tangu mwaka 1900, na karatasi ziko wapi. Akianza kukueleza uzuri wa mwezi, mwachie mwezi wake. Bango la "Kati ya Mawimbi" lililochapwa vizuri ni bei ya nauli ya daladala ya wiki chache, nalo litajaza ukuta wa sebule. Usilitundike mkabala na dirisha, litaakisi mwanga usione kitu.